"Zako Tia Maji": Historia Fupi ya Burashi ya Kunyolea na Jina Lake

1.0 Utangulizi

Waswahili husema, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Methali hii hufundishwa mashuleni kama onyo: lililompata jirani laweza kukupata nawe, basi jiandae. Ni wachache wanaoitazama kama ushahidi wa historia, ingawa ndani yake umehifadhiwa ufundi mzima. Methali inatueleza kwamba katika jamii iliyoitunga, nywele zilitiwa maji kabla ya wembe kupita, na kwamba kila msikilizaji alilijua hilo bila ya kuelezwa. Hali kadhalika, tunaposema kwamba mtu "amenyolewa bila maji", tunamaanisha kuwa ametendewa kwa ukali usio na huruma. Lugha imeyaweka maji upande wa huruma.

Makala haya yanachunguza chombo kimoja kilichokuja baadaye kusaidia kazi hiyo ya maji, yaani burashi ya kunyolea, hasa ile ya nywele za nguruwe. Hoja yetu ni kwamba historia ya chombo hiki haiwezi kutenganishwa na historia ya majina yake. Zaidi ya mara moja, watu wamedhurika kwa sababu jina la burashi halikulingana na nywele zilizomo.

Kilichotusukuma kuandika ni kosa la mwandishi mwenyewe. Mjini Uvira kuna kinyozi mmoja, mzee wa Kiislamu, ambaye bado hunyoa ndevu kwa maji, sabuni na wembe. Burashi yake ilipochakaa, nilimletea nyingine niliyoinunua dukani, yenye maandishi ya Kifaransa kwenye pakiti: pures soies. Aliniuliza, "Mwalimu, hii imetengenezwa kwa kitu gani?" Kwa kujiamini kwa mtu aliyesomea isimu, nilimjibu kwamba ni hariri tupu. Alinishukuru, akaanza kuitumia siku hiyo hiyo. Majuma mawili baadaye ndipo nilipofungua kamusi.

2.0 Kunyoa kabla ya burashi

Ufundi wa kunyoa ni wa kale katika eneo la maziwa makuu, nalo neno linalotaja chombo chake limeenea mbali. Kiswahili kina wembe. Kirundi na Kinyarwanda, lugha za majirani zetu ng'ambo ya Ruzizi, zina urwembe. Kufanana huku si kwa kuazimana kwa juzi, bali ni urithi wa Kibantu. Kutokana na wembe Kiswahili kimeunda kijembe, na kutokana na kijembe kikaunda msemo wa kupiga vijembe, yaani kumkata mtu kwa maneno. Vilevile kitenzi nyoa kimezaa kinyozi, jina la mwenye kazi. Msamiati uliozaa matawi kiasi hiki haukuletwa na meli za Wazungu.

Kunyoa hakukuwa suala la urembo peke yake. Katika jamii nyingi za Kibantu, kunyoa kichwa kulihusiana na msiba na kumalizika kwake. Kwa Waislamu, kichwa cha mtoto mchanga hunyolewa siku ya saba, na mahujaji hunyoa au kupunguza nywele wanapokamilisha ibada yao. Kwa hiyo kilichogusa ngozi wakati wa kunyoa, maji yakiwemo, kiliweza kuwa na uzito wa kiibada. Tutalirejea jambo hili.

Mji wa Uvira uliingia mapema katika njia za biashara zilizobeba Kiswahili na Uislamu kutoka pwani. Burton na Speke walipofika hapa mwezi wa Aprili 1858, walikuta kwamba wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walikuwa wametangulia. Miongo miwili na zaidi baadaye, ncha ya kaskazini ya ziwa ilikuwa chini ya mkono wa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, ambaye makao yake yalikuwa Ujiji. Historia hiyo ndiyo sababu moja ya kuwapo kwa Waislamu wa Uvira hadi leo, nao kwa sehemu kubwa hufuata madhehebu ya Shafii, kama walivyo Waislamu wengi wa pwani.

3.0 Kuzaliwa kwa burashi na jina la kuazima

Burashi ya kunyolea ilienea Ulaya katika karne ya 18, na Ufaransa ilikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1769 fundi wa visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, alichapisha kitabu kiitwacho La Pogonotomie, kilichokusudiwa kumfundisha mwanamume kujinyoa mwenyewe. Kabla ya hapo, na hata muda mrefu baada ya hapo, watu wengi walinyolewa na vinyozi. Mtu alipoanza kujinyoa nyumbani, alihitaji chombo cha kumsaidia kutengeneza povu na kulipaka sawasawa usoni bila ya mkono wa mtu mwingine.

Nywele zilizosifiwa kuliko zote kwa kazi hiyo zilikuwa za mnyama aitwaye kwa Kifaransa blaireau. Huyu ni mnyama wa Ulaya na Asia mwenye mistari usoni, jamaa wa mbali wa nyegere wetu. Sifa ya nywele zake ilikuwa kubwa kiasi kwamba Wafaransa walihamisha jina la mnyama na kulipa chombo: hadi leo blaireau ni mnyama, na blaireau ni burashi ya kunyolea, hata kama ndani yake hamna unywele mmoja wa mnyama huyo.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Kongo moja kwa moja, kwa kuwa Kifaransa ndiyo lugha ya ofisi na ya shule zetu. Kiswahili sanifu kimechukua burashi kutoka Kiingereza. Kinyarwanda kimechukua brosse ya Kifaransa na kuifanya uburoso. Nyumbani kwetu Runingu, katika bonde la Ruzizi kaskazini mwa Uvira, marehemu baba alikuwa na burashi aliyoitumia kila Jumapili asubuhi kabla ya misa. Aliiita blero. Nilipokuwa mtoto nilidhani Blero ni jina la Mzungu aliyeitengeneza. Hata baba hakujua kwamba alikuwa akitaja mnyama asiyepata kukanyaga bonde la Ruzizi, wala kwamba burashi yake, iliyokuwa na nywele ngumu nyeupe, ilikuwa bila shaka ya nguruwe.

4.0 Jina la uongo: kimeta cha 1915 hadi 1924

Mwanzoni mwa karne ya 20 idadi ya wanaojinyoa iliongezeka upesi. King Camp Gillette alipata hataza ya wembe wake wa kubadilishwa mwaka 1904, na Vita Kuu ya Kwanza ikaufanya kunyoa ndevu kuwa sehemu ya nidhamu ya majeshi. Mamilioni ya askari walihitaji burashi, nazo nywele za mnyama yule wa thamani hazikutosha wala hazikuwa rahisi.

Hapo ndipo udanganyifu ulipoingia. Nywele za farasi, za bei nafuu, zilitiwa rangi na kupangwa ili zifanane na zile za thamani. Wakati huo huo vita vilikuwa vimevuruga njia za zamani za biashara, na sehemu ya nywele zilizotoka Asia iliwafikia watengenezaji bila ya kusafishwa ipasavyo. Baadhi yake zilibeba mbegu za kimeta.

Kimeta ni ugonjwa unaofahamika kwa wafugaji. Vijidudu vyake hujifunika kwa gamba gumu na kuweza kukaa udongoni, ngozini au katika nywele za mzoga kwa miaka mingi. Robert Koch alieleza mzunguko wake wa maisha mwaka 1876, na Louis Pasteur alionyesha chanjo yake hadharani mwaka 1881. Wafaransa huuita charbon, yaani makaa, na jina la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo ndilo lililotumiwa na wataalamu, kwa sababu kidonda chake hufanya gaga jeusi katikati. Mtu anayejinyoa hujikwaruza bila ya kujua, kisha husugua mahali pale pale kwa burashi yenye maji. Ni vigumu kubuni njia iliyo bora zaidi ya kuupandikiza ugonjwa huu mwilini.

Kati ya 1915 na 1924, askari na raia wa Marekani na Uingereza zaidi ya 200 waliugua kimeta kilichohusishwa na burashi za kunyolea, na baadhi yao walikufa. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingizwa kwa burashi za kunyolea kutoka Japani. Sheria za kusafisha nywele zilikazwa, na ugonjwa ukatoweka katika vyumba vya kunyolea.

Miaka hiyo hiyo bonde letu lilikuwa uwanja wa vita. Mto Ruzizi ulitenganisha majeshi ya Wabelgiji na ya Wajerumani hadi mwaka 1916, Force Publique ilipovuka na kuingia Rwanda na Burundi, ikachukua Usumbura mwezi wa Juni na Tabora mwezi wa Septemba. Vita ile tunaikumbuka kwa mizinga yake na kwa wapagazi wake. Inafaa tukumbuke pia kwamba vita hiyo hiyo iliwaua watu mbali na mizinga kwa sababu ya bidhaa ndogo iliyouzwa kwa jina lisilo lake.

Mtu asidhani kwamba haya yamepita kabisa. Mwezi wa Aprili 2025 viboko wasiopungua 50 walikufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Virunga, huku huku mashariki ya Kongo. Kuhusu burashi, hata hivyo, hofu iwe na mipaka. Makala ya mwaka 2017 katika jarida la Emerging Infectious Diseases yalirejea visa vya zamani kwa sababu watu wameanza tena kupenda burashi za kale. Tahadhari iliyosisitizwa inahusu burashi kuukuu za kabla ya 1930 ambazo hazikusafishwa. Burashi mpya, iliyotengenezwa kwa nywele zilizopitishwa katika usafishaji wa viwandani, haina sababu ya kutisha.

5.0 Njia ya nywele za nguruwe

Katika kisa hicho nguruwe hakuwa mshtakiwa mkuu. Kimeta huwashambulia zaidi wanyama wala majani, na nguruwe huwa na ukinzani kuliko ng'ombe au farasi. Nywele zake zimekuwa na historia yao nyingine.

Nywele za nguruwe wa maeneo ya baridi huwa ndefu na ngumu zaidi, na ndiyo sababu Urusi na Uchina zilikuwa masoko makuu. Mji wa Chongqing, kwenye mto Yangtze, ulikuwa kituo mashuhuri cha kuzichagua na kuzifunga kwa urefu. Katika Vita Kuu ya Pili nywele hizi zilihesabiwa kuwa mali ya kivita, kwa kuwa bila ya hizo hakuna burashi za rangi, na bila ya rangi meli na magari huliwa na kutu. Njia za nchi kavu zilipozibwa na Wajapani, nywele za nguruwe zilisafirishwa kwa ndege kuvuka milima ya Himalaya. Upungufu huo ulizipa nguvu nyuzi za kutengenezwa: mswaki wa kwanza wa nailoni ulikuwa umeingia sokoni Marekani mwaka 1938.

Hata hivyo nailoni haikuifuta burashi ya nguruwe. Italia na Ureno ziliendelea kuitengeneza. Kampuni ya Omega ya Bologna, iliyoanza mwaka 1931, inaitengeneza hadi leo. Nywele zenyewe bado hutoka kwa wingi Uchina, kwa nguruwe wa kufugwa.

Hapa mfasiri anahitaji uangalifu. Kifaransa huandika sanglier, na Kiingereza hutumia neno ambalo laweza kuwa nguruwe dume au nguruwe wa porini. Baadhi yetu hukimbilia kufasiri "ngiri". Hilo ni kosa. Ngiri wetu ni mnyama wa jenasi nyingine, sawa na nguruwe mwitu wa misitu yetu, na nywele zao hazimo katika burashi hizi. Tafsiri iliyo wazi ni "nywele za nguruwe".

6.0 Hariri isiyo hariri

Tunarejea sasa kwenye pakiti ya kinyozi. Neno la Kifaransa soie lina maana mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ni hariri, uzi wa kiwavi. Ya pili ni unywele mrefu mgumu wa nguruwe. Mtengenezaji aliyeandika pures soies hakusema uongo: alimwambia Mfaransa kwamba burashi ni ya nywele za nguruwe tupu. Aliyesema uongo, bila ya kukusudia, ni mfasiri.

Kwa Mkristo kosa hili ni la kuchekesha tu. Kwa mzee wangu halikuwa hivyo. Katika madhehebu ya Shafii nguruwe ni najisi pamoja na nywele zake, na kilichoguswa nazo katika hali ya unyevu huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Burashi ya kunyolea hutumika ikiwa imelowa. Kwa majuma mawili ilikuwa imepita katika bakuli lake, viganja vyake na nyuso za wateja wake, baadhi yao wakitoka kibandani kwenda kuswali.

Ni haki kusema kwamba wanavyuoni wa Kiislamu hawakuwa na kauli moja. Wafuasi wa Malik wameziona nywele za nguruwe kuwa safi zikikatwa, na miongoni mwa wafuasi wa Abu Hanifa washonaji wa viatu waliruhusiwa kuzitumia kwa sababu ya dharura ya kazi yao. Lakini haikuwa kazi yangu kumchagulia mzee madhehebu. Kazi yangu ilikuwa kumwambia kilichomo, naye achague kwa elimu yake. Hilo ndilo nililomnyima.

Nilirudi nikamweleza. Alinyamaza kwa muda, akaitoa burashi bakulini kwa kipande cha karatasi, akaniambia, "Mwalimu, umeninyoa bila maji." Kisha akamtuma mjukuu wake alete udongo. Hakunigombeza zaidi ya hapo. Kilichomuuma, alinieleza siku nyingine, kilikuwa ni kulazimika kuwaendea wateja wake mmoja mmoja na kuwaambia. Alikwenda, na baadhi yao hawakurudi kibandani kwake.

7.0 Namna ya kuchagua

Kutokana na historia hiyo tunaweza kutoa mwongozo mfupi kwa msomaji anayetaka burashi.

Kwanza, aulize nywele ni za nini, wala asitosheke na jina la chombo. Blaireau kwenye pakiti laweza kumaanisha burashi yoyote, na soies humaanisha nguruwe. Rangi pia si ushahidi: burashi nyingi za nguruwe huchorwa utepe mweusi ili zifanane na zile za thamani. Asiyetaka nguruwe kwa sababu ya dini anaweza kuchukua ya nyuzi za viwandani, au ya singa za farasi, ambazo hukatwa shingoni na mkiani bila ya mnyama kuchinjwa.

Pili, aliyeridhika na nguruwe anapata chombo cha bei nafuu chenye nguvu. Nywele zake husimamisha ndevu na kupenyeza povu hadi kwenye mizizi. Atazame ncha: ziwe ncha za asili, zisiwe zimekatwa kwa mkasi. Avute kidogo: nywele mbili tatu zikitoka mwanzoni si neno, zikitoka kwa mafungu airudishe dukani.

Tatu, awe na subira. Nywele za nguruwe hunyonya maji ndani yake, kwa hiyo burashi ilowekwe kwa dakika chache kabla ya kutumiwa. Siku za mwanzo itakuwa ngumu na yenye harufu. Baada ya majuma kadhaa ncha zake hupasuka na kuwa laini, ilhali mashina hubaki na nguvu. Anayeihukumu siku ya kwanza huitupa kabla haijawa burashi.

Nne, isuuzwe, ikung'utwe na ikauke penye hewa, mbali na moto. Isiazimwe. Wembe unaweza kubadilishwa kwa kila mteja, na hatuna budi kusisitiza kwamba ubadilishwe. Burashi haiwezi kuchemshwa kila mara bila ya kuharibika. Kwa hiyo kwenye kibanda cha kinyozi yafaa kila mteja aje na yake, au povu lipakwe kwa mkono ulionawishwa kwa maji safi. Katika mji kama Uvira, uliosumbuliwa na kipindupindu kwa miaka mingi, usafi wa maji yenyewe si jambo la kudhaniwa.

8.0 Hitimisho

Tumeona burashi moja ikipita katika majina manne: blaireau isiyo ya mnyama huyo, nywele za farasi zilizojifanya za mwingine, ngiri asiyehusika, na hariri isiyo hariri. Jina la pili liliua watu. La nne lilimvunjia mzee imani aliyojengewa na wateja wake kwa miaka mingi. Tofauti kati ya mfanyabiashara aliyepaka rangi nywele za farasi na mwalimu aliyefasiri bila ya kufungua kamusi ni kusudio. Aliyeko mwisho wa wembe hana njia ya kuiona tofauti hiyo.

Kwa sababu hii tunapendekeza kwamba kamusi za Kifaransa na Kiswahili zinazotungwa kwa ajili ya Kongo zitenganishe waziwazi maana mbili za soie, na kwamba walimu wa tafsiri walitumie neno hilo kama mfano darasani. Bidhaa nyingi zinazoingia katika masoko yetu huja na maandishi ya lugha ambayo mnunuzi haisomi. Yeye hutegemea mtu wa kumsomea.

Burashi ile sasa iko Runingu, juu ya rafu iliyowahi kubeba blero ya baba, nami huitumia. Imekwisha kuwa laini. Mzee amepata ya nailoni, na kabla ya kuipokea aliniomba nimsomee pakiti yote, neno kwa neno, mara mbili.